Delestaje Ndani ya Kompyuta Kuu

Kila mkaaji wa Lubumbashi anaijua delestaje. Jioni watu wanarudi kazini, kila nyumba inawasha jiko la umeme, mzigo unapanda, na shirika la umeme, SNEL, linakata umeme katika mitaa kama Katuba au Kamalondo ili mtandao wote usianguke. Tatizo halitokani na umeme wote uliotumika kwa mwezi. Linatokana na saa zile chache ambazo wote wanautaka kwa pamoja. Ukilishika hilo, umeshashika nusu ya somo langu la leo: kwa nini leseni za programu za kompyuta kuu ni ghali hivyo, na gharama hiyo inapunguzwaje.

Kompyuta kuu ni mashine ya ukubwa wa kabati la nguo, inayofanya hesabu za maelfu ya watu kwa wakati mmoja bila kusimama. IBM ilitangaza ukoo wa System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na warithi wake bado wanauzwa. Orodha ya mishahara ya kampuni ya madini kama Gécamines, iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 katika miaka ya 1980, ndiyo aina ya kazi ambayo mashine hizi ziliundwa kuifanya. Hata leo benki kubwa za Afrika Kusini, Ulaya na Marekani zinazitegemea. Mfanyabiashara wa hapa akimlipa muuzaji wa vipuri Johannesburg, huenda malipo yake yakapita ndani ya mojawapo.

Zamani programu zilikuja pamoja na mashine, bila bei yake. Juni 1969 IBM ilitangaza kuzitenganisha, na tangu hapo leseni ikawa na bili yake. Katika vituo vingi bili hiyo sasa inazidi gharama ya mashine yenyewe.

Kazi ya mashine hupimwa kwa kipimo kiitwacho MSU. Kwa mkataba uliozoeleka wa malipo ya kila mwezi, programu iitwayo SCRT hukusanya vipimo kuanzia tarehe 2 hadi tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Inatafuta wastani wa muda wa masaa manne, wastani unaosogea kadiri saa zinavyokwenda. Wastani wa juu kuliko yote mwezi huo ndio unaoandika bili.

Tuchukue benki ya mfano. Siku nyingi wastani wake hauvuki MSU 400. Kisha inafika siku ya mishahara. Tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, mishahara, hesabu ya riba, ripoti za wakurugenzi na nakala za akiba vyote vinakimbia pamoja, na wastani unafika 900. Benki itatozwa kwa 900, ingawa mwezi karibu wote ilikaa kwenye 400. Jioni moja imeupandisha mwezi mzima. Sasa wazisogeze ripoti na nakala za akiba hadi saa nane usiku, kilele kishuke hadi 650. Hakuna mashine iliyonunuliwa wala mstari wa programu uliobadilishwa. Ilitosha mtu mmoja kuitazama ratiba na kuuliza kama mkurugenzi anaihitaji ripoti yake kabla ya asubuhi.

Hapa delestaje inarudi, safari hii ikiwa na faida. Mhandisi anaweza kuiwekea mashine kikomo, tuseme 600. Wastani ukikifikia, mashine inazuiwa, na kazi zilizopewa nafasi ya chini zinasubiri wakati zile za kaunta zikiendelea. Lakini nafasi zikipangwa ovyo, atakayesubiri ni mama aliyesimama dirishani na kitambulisho mkononi. Kikomo cha namna hiyo mimi nisingekiweka kabla ya kukaa na watu wa kaunta na kujua saa zao za foleni.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mahali programu ilipowekwa. Mashine moja hugawanywa katika vyumba kadhaa, kila chumba na mfumo wake. Kwa kawaida programu kama Db2, ambayo ni hifadhidata, au CICS, inayoendesha miamala, haitozwi kwa kazi yake yenyewe, bali kwa kilele cha vyumba vyote inamotumika. Mtu akiiacha Db2 ikiendelea katika chumba kikubwa kwa ajili ya jaribio dogo lililokwisha zamani, mzigo wote wa chumba kile unaingia katika hesabu yake. Kuiondoa ni kazi ya siku chache, na nafuu inaonekana kwenye bili inayofuata.

Upo pia msaada wa prosesa maalumu ziitwazo zIIP, zilizotangazwa mwaka 2006. Kazi za Java na sehemu ya kazi za Db2 zikipelekwa huko, hazihesabiwi katika bili ya leseni.

Mwaka 2019 IBM ilileta aina nyingine ya mkataba, ambamo kinachohesabiwa ni jumla ya matumizi badala ya kilele. Wengi wanaupenda kwa sababu unaondoa hofu ya jioni moja mbaya. Ila anayeutia saini aelewe kwamba kusogeza kazi usiku hakumpunguzii tena kitu, kwani MSU ya saa nane usiku inahesabiwa sawasawa na ya mchana. Kinachobaki ni kuipunguza kazi yenyewe: kuzitafsiri upya programu zilizoandikwa kwa lugha ya COBOL kwa kompaila mpya inayoitumia vizuri mashine ya leo, na kuyachunguza maswali yanayoulizwa hifadhidata. Swali moja lisilo na faharasa husoma rekodi milioni nzima kumtafuta mteja mmoja, na kesho yake linarudia. Liwekewe faharasa, na rekodi zitakazosomwa zitahesabika kwa vidole.