Kupogoa Miti Iliyo Karibu na Nyumba

Katika milima ya Rubaya, na katika Masisi yote hata Walikale, nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko. Miti imesimama juu ya nyumba, chini yake na kando yake. Miti hiyo ni faida, nayo ni hatari pia. Huushika udongo, huzuia upepo, hutoa kivuli, matunda na kuni. Lakini siku ya dhoruba tawi moja zito laweza kutoboa mabati na kuua mtu aliyelala.

Watu wengi wanajua njia mbili tu za kuondoa hatari hiyo. Ya kwanza ni kuuacha mti mpaka uanguke wenyewe. Ya pili ni kuukata wote na kuuza nguzo kwa wachimbaji wa koltani, na kilichobaki kukichoma makala. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo tutakayoieleza hapa: kuupogoa mti, maana yake kuondoa matawi yenye hatari na kuuacha mti wenyewe ukiwa hai. Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka msumeno mkali, kamba nzuri, na kujua mahali pa kukata.

1. Kwa nini mti usikatwe wote

Watu hudhani ya kuwa mizizi ya mti huenda chini sana. Sivyo. Mizizi iliyo mingi imo katika udongo wa juu, kina cha mita moja au pungufu, nayo huenea mbali kupita kivuli cha matawi. Hufungana na mizizi ya miti mingine, na kuushika udongo kama nyuzi zinavyoshika kikapu.

Mti ukikatwa leo, kilima hakianguki kesho. Mizizi iliyokufa huendelea kushika kwa muda, kisha huanza kuoza. Baada ya miaka michache udongo hauna tena kinachoushika. Hapo mvua kubwa ikinyesha udongo hushuka, na watu hushangaa, maana wamekwisha kusahau ya kuwa palikuwa na miti.

Tena, msikate mizizi kwa jembe. Mtu akikichimba kilima ili apate uwanja wa nyumba, au akichimba shimo la madini chini ya mti, amekata kamba za mti huo upande mmoja. Mti utasimama katika kiangazi kama kwamba haukudhurika. Lakini udongo ukilowa, waweza kuanguka, hata juu ya nyumba.

Wote wanakumbuka msiba wa Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Mwezi wa Mei 2023 mito ilifurika na udongo wa milima ukashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400. Mvua ile ilikuwa kubwa mno, wala hatusemi ya kuwa miti peke yake ingaliizuia. Kilima kikivunjika chini sana, mizizi haifiki huko. Lakini udongo wa juu, ule unaoteleza mara nyingi nyuma ya nyumba, huo mizizi huushika, na mwenye nyumba asiuachilie kwa ajili ya gunia la makala.

2. Kidonda cha mti hakiponi kama cha mtu

Mtu akijikata kidole, nyama mpya huota mahali pa ile iliyoharibika. Mti hauwezi hivyo. Mti uliokatwa haufanyi upya sehemu iliyoharibika. Huizungushia ukuta ndani, ili uozo usipite, kisha huota ubao mpya juu ya kidonda mpaka kifunikwe. Kidonda cha zamani hubaki ndani siku zote.

Jambo hili lilielezwa vizuri na Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani, aliyefariki mwaka 2006. Yeye alipasua miti mingi sana kwa msumeno wa mashine, kwa urefu wake, ili aone uozo umepita wapi. Mwaka 1977 yeye na mwenziwe waliandika habari za kuta hizo za ndani ya mti. Aliona pia ya kuwa rangi na lami zinazopakwa juu ya kidonda hazizuii uozo. Basi msipake lami, wala samadi, wala udongo. Kidonda kilichokatwa vizuri kiachwe wazi, mti utakifunika wenyewe.

3. Mahali pa kukata

Tazameni tawi pale linapotoka katika shina. Mtaona uvimbe kidogo, kama pete inayolizunguka tawi. Pete hiyo ni mali ya shina, si ya tawi, na humo ndimo mti unamojenga ukuta wake. Kateni nje ya pete, karibu nayo, lakini msiiguse.

Watu hukosea kwa namna mbili. Wengine hukata sawasawa na shina, wakiona ya kuwa ni safi zaidi. Hao wameondoa pete, wamefanya kidonda kikubwa, na uozo utaingia ndani ya shina. Wengine huacha kijiti kirefu kama kigingi cha kutundikia nguo. Kijiti hicho hufa, huoza, na uozo hufuata njia yake mpaka ndani.

Kwa sababu hiyo panga halifai kwa matawi makubwa. Panga hupasua na kuchubua gome, wala halikati mahali pamoja. Tumieni msumeno. Panga ni la vitawi vyembamba, vile visivyozidi unene wa kidole.

4. Mikato mitatu

Tawi zito likikatwa kwa mkato mmoja kutoka juu, litavunjika kabla ya kukatika, na kuchuna gome la shina mpaka chini. Kwa hiyo kateni mara tatu:

Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, kiasi cha sentimita 30 kutoka shina. Ukate theluthi ya unene, kisha uache.

Mkato wa pili uwe juu ya tawi, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi litaanguka bila kuchuna gome.

Mkato wa tatu uondoe kijiti kilichobaki, nje ya pete, kama tulivyosema.

Tawi likiwa juu ya mabati, lifungwe kamba kwanza. Kamba ipitishwe juu ya panda yenye nguvu, na watu walio chini walishushe polepole. Mabati mapya ni ghali kuliko kamba.

5. Kiasi cha kukata, na majira yake

Majani ndiyo jiko la mti. Humo hupika chakula chake kwa nguvu ya jua. Mti ulionyang'anywa majani mengi huona njaa, na mizizi yake hudhoofika. Msiondoe zaidi ya robo ya matawi mabichi kwa mwaka mmoja, na kwa mti mzee pungufu ya hapo. Anzeni na matawi makavu, yaliyovunjika na yanayosuguana. Mara nyingi mkimaliza hayo, hapana haja ya kuendelea. Kati ya tawi na paa ibaki nafasi ya mita mbili.

Msikate kichwa cha mti. Desturi hii ni ya watu wengi, nayo ni mbaya. Mti uliokatwa kichwa huchipua vijiti vingi kwa haraka, lakini vijiti hivyo vimeshikamana na gome tu, havikutoka katika moyo wa mti. Chini yake kidonda kikubwa kinaoza. Baada ya miaka michache mna matawi mazito yaliyoshikwa na ubao mbovu, na hatari ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Majira mazuri ni kiangazi, yaani Juni mpaka Agosti, au siku zisizo na mvua nyingi za Januari na Februari. Wakati huo shina halitelezi, na uozo hauenei upesi kama wakati wa mvua. Kazi iishe kabla ya mvua za Septemba.

Samaki mkunje angali mbichi. Mti mchanga ukitoa ncha mbili, ondoeni moja ungali mwembamba. Kazi ya dakika moja kwa kisu leo itawaokoa na kazi ya siku nzima baada ya miaka ishirini.

6. Miti ya kwenu

Avoka. Ubao wake huvunjika upesi, hasa tawi refu likijaa matunda. Pogoeni baada ya kuvuna. Fupisheni tawi refu mpaka penye tawi dogo lenye nguvu. Msiliache shina wazi kabisa, maana gome la avoka huungua kwa jua.

Grevilea. Mti huu ulitoka Australia, ukapandwa katika Afrika ya Mashariki kutia kivuli kahawa na chai. Huvumilia sana kupogolewa. Ondoeni matawi ya chini mpaka nusu ya urefu wake, mbao zitakuwa safi, na kuni mtapata tena na tena.

Mkaratusi. Huu huangusha matawi yake wenyewe bila onyo, tena ni mrefu mno. Haufai karibu na nyumba, wala karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Upandwe mbali na nyumba kuliko urefu utakaofikia. Faida yake ni kwamba ukikatwa vizuri hauwi mfu: kateni chini, sentimita 10 hivi juu ya udongo, kwa mkato wa mshazari ili maji yasitulie. Machipukizi yakiota, acheni mawili au matatu yenye nguvu. Mizizi itabaki hai ikishika udongo. Katika Kivu ya Kaskazini, shirika la WWF lilianza mwaka 2007 mpango wa EcoMakala, wa wakulima kupanda miti yao wenyewe ya makala, ili msitu wa Virunga usimalizwe. Shamba la namna hiyo ndilo mahali pa mkaratusi. Uani si mahali pake.

Muvumu. Huota kwa kuchomeka kijiti tu, nao huvumilia kukatwa matawi. Ni mti mwema wa kupanda ukingoni mwa uwanja uliochimbwa kilimani.

7. Mtu apandaye mtini

Mti hudumu miaka mingi. Mtu akianguka ni mara moja. Asipande mtu peke yake. Asipande mlevi, wala mtu yeyote siku ya upepo au shina likiwa limelowa. Ajifunge kwa kamba kwenye shina au panda nene, juu ya mahali anapokata. Walio chini wawafukuze watoto na mbuzi, wala mtu asisimame chini ya tawi. Mahali penye waya wa umeme, wenyeji wasikate. Waitwe wenye waya.

Mkimwita fundi, patana naye kwanza si bei tu, bali na matawi yatakayokatwa. Fundi mzuri huuzunguka mti na kuutazama kabla ya kutoa msumeno. Hapandi mti mzima kwa viatu vya miiba ya chuma, maana kila mwiba ni kidonda. Akisema, "Nitakata kichwa, mtapumzika," mtafuteni mwingine.

Jihadharini na radi. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu miali ya radi kwa vyombo vilivyo angani waliiandika Kabare, katika Kivu ya Kusini, kuwa ya pili duniani, ikitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Ngurumo ya kwanza ikisikika, shukeni mtini, wala msijifiche chini yake.

8. Lini mti ukatwe wote

Iko miti isiyofaa kuachwa. Dalili zake ni hizi: uyoga unaota chini ya shina, shina ni tupu ndani, nalo likigongwa hulia kama ngoma, mti umeanza kuinama upya, na udongo upande wa pili umepasuka au kuinuka. Dalili hii ya mwisho ni kubwa kuliko zote. Msilale katika nyumba iliyo chini ya mti huo. Kama ufa katika udongo ni mrefu na unapita mbali na mti, basi si mti unaoanguka, ni kilima. Ondokeni wote, na kuwaambia jirani.

Mti wa namna hiyo ukikatwa, kisiki kisichimbuliwe, na mti mwingine upandwe karibu mwaka ule ule, ili mizizi mipya iwe imekwisha kushika kabla ya ile ya zamani kuoza.

Kumbukeni maneno haya:

Kateni tawi, msiue mti.
Kateni nje ya pete, kwa msumeno, kwa mikato mitatu.
Msiondoe zaidi ya robo, wala msikate kichwa.
Msichimbe penye mizizi.
Kazi iishe kabla ya mvua.

Nguzo iliyouzwa kwa wachimbaji huleta fedha mara moja. Mti uliopogolewa vizuri huleta kuni kila kiangazi, na usiku wa mvua wenye nyumba hulala.