Frombork: Bandari ndogo, somo kubwa

Msafiri anayezuru nchi ya Poland aghalabu huelekezwa Warsaw, Kraków au bandari kuu ya Gdańsk. Ni nadra kuambiwa habari za Frombork, mji wa watu wasiofika 3,000 ulio kaskazini mwa nchi hiyo, kando ya ghuba tulivu iliyotengwa na Bahari ya Baltiki kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Gati lake ni dogo. Mfereji uliokatwa katika ukanda huo na kufunguliwa Septemba 2022 umeviwezesha vyombo vya Poland kufika baharini bila kupitia mlango ulio katika himaya ya Urusi. Hata hivyo, mwalimu au mwanafunzi akipewa fursa ya kuzuru mji mmoja tu katika pwani hiyo, rai yangu ni kwamba auchague huu.

Sababu ya kwanza iko kilimani. Hapo limesimama kanisa kuu la matofali mekundu lililojengwa kati ya mwaka wa 1329 na 1388, likizungukwa na kuta na minara mithili ya ngome. Nicolaus Copernicus, mwanafalaki aliyezaliwa mjini Toruń mwaka wa 1473, alihamia Frombork mwaka wa 1510 akiwa mmoja wa wajumbe wa baraza la kanisa hilo, na humo ndimo alimofia mwaka wa 1543. Isipokuwa miaka michache aliyotumwa kazi kwingineko, ni hapa alipozichunguza mbingu na kukiandika kitabu kilichofundisha kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, wala si jua kuizunguka dunia. Wanaodhani kwamba elimu kubwa haina budi kuchimbuka katika majiji makubwa wana jambo la kutafakari. Nao wanaodhani kwamba elimu ni mali ya taifa moja na wafahamu kuwa Copernicus alitegemea, pamoja na mengine, vipimo vya al-Battani, mwanafalaki Mwarabu aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 500.

Kwa karne nyingi kaburi la mtaalamu huyo halikujulikana. Mwaka wa 2005 waakiolojia walifukua fuvu chini ya sakafu ya kanisa, kisha vinasaba vya mabaki hayo vikalinganishwa na vya nywele zilizopatikana katika kitabu alichokuwa akikitumia, ambacho kimehifadhiwa Uppsala, Uswidi. Vilipatana, na mwaka wa 2010 akazikwa upya kwa heshima zote. Ajabu ni kwamba kitabu hicho kilifika Uswidi kama ngawira ya vita katika karne ya 17. Mali iliyoporwa ndiyo iliyokuja kutoa ushahidi!

Katika mnara wa kengele mna kifaa ambacho kila mwanafunzi wa Fizikia angefurahi kukiona: pendulamu ya Foucault, yaani uzito unaobembea kwenye waya mrefu. Kadiri saa zinavyopita, mwelekeo wa kubembea kwake huonekana kugeuka polepole, takriban nyuzi 12 kwa saa, kwa kuwa dunia inazunguka chini yake. Mwalimu wa hapa kwetu aweza kuwauliza wanafunzi wake: lau uzito huo ungening'inizwa Nanyuki, penye mstari wa Ikweta, ungegeuka kiasi gani? Jibu ni kwamba usingegeuka hata kidogo, kwani mgeuko huo hutegemea umbali wa mahali kutoka Ikweta. Swali moja la namna hiyo hufunza zaidi ya kurasa kumi za kukaririwa.

Chini ya kilima upo Mnara wa Maji, ambao mwaka wa 1571 ulitiwa mtambo wa kupandisha maji hadi kwa wakazi wa juu. Masimulizi ya watu yalimpa Copernicus sifa ya kazi hiyo, ilhali alikuwa amekwisha kufariki miaka 28 kabla. Hilo nalo ni somo la Historia: sifa hupenda kumwendea aliye maarufu, na fundi halisi akasahaulika. Pia ipo hospitali kongwe yenye kikanisa cha Mtakatifu Anna, ambayo sasa ni makumbusho ya historia ya tiba. Copernicus mwenyewe alikuwa tabibu.

Lakini kivutio kikuu, kwa maoni yangu, ni mji wenyewe. Hadi mwaka wa 1945 Frombork ilikuwa sehemu ya Ujerumani, na vita vya mwaka huo viliiacha magofu. Wakimbizi kwa maelfu walivuka ghuba hiyo kwa miguu juu ya barafu, na wengi hawakufika ng'ambo. Kisha, kati ya mwaka wa 1966 na 1973, maelfu ya maskauti wa Poland walikwenda huko kuondoa vifusi na kusaidia ujenzi, ili mji uwe tayari kuadhimisha miaka 500 tangu kuzaliwa kwa Copernicus. Kweli, serikali ya wakati ule nayo ilitaka kujivunia sherehe hizo. Lakini koleo zilishikwa na vijana, na mji ukasimama.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sisi huwapeleka wanafunzi ziarani wakatazame kuta, wapige picha, warudi. Tunasahau kuwaambia ni nani aliyezijenga kuta hizo, nani aliyezibomoa na nani aliyezisimamisha tena. Mtoto aliyewahi kung'oa magugu katika gofu la kale hatakubali kwa urahisi libomolewe kupisha maduka. Kwa hivyo, walimu, katika ziara ijayo mbebeni daftari, na pamoja na daftari, jembe.