Dar hadi Casablanca: Ramani inasema saa nane, tiketi inasema vingine

Aprili 22, 2023, Jean Baleke aliifungia Simba bao pekee dhidi ya Wydad Casablanca kwa Mkapa, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Marudiano yakapangwa Aprili 28. Kwenye kalenda hizo ni siku sita. Toa safari, uone zinabaki ngapi za mazoezi.

Ukipima mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Mohammed V, Casablanca, ni kama kilomita 6,650. Ndege ya abiria inakata kilomita 850 hivi kwa saa, kwa hiyo hesabu inakupa saa nane angani. Unakunywa chai Dar, jioni uko hotelini Morocco.

Shida ni kwamba kwa tiketi ya kawaida huupati mstari huo. Lazima uunganishe ndege. Ukipitia Doha, unaruka kilomita 3,800 kuelekea kaskazini mashariki, wakati Morocco iko kaskazini magharibi, halafu unakata nyingine 5,700 kuifuata. Jumla 9,500. Ziada hiyo peke yake ni sawa na kwenda Mwanza, kurudi Dar na kwenda tena Mwanza, na bado chenji inabaki. Angani tu ni zaidi ya saa 11, hujaweka kusubiri uwanjani. Istanbul inapunguza kidogo, kama kilomita 8,750. Cairo ndiyo inakaribia mstari, kama 7,900.

Kukodi ndege? Inasaidia, ila inategemea umekodi nini. Boeing 737-800 uwezo wake ni kama kilomita 5,400, lazima ishuke mahali kujaza mafuta. Dreamliner inafika bila kugusa chini, lakini bili yake si ya klabu kuchangishana.

Mashabiki wengi hulaumu tofauti ya saa. Hapo wanakosea, maana Casablanca na Dar zinapishana saa mbili tu. Ni kweli mechi ya saa 2:00 usiku kule inaukuta mwili ukiwa saa 4:00 usiku ya Dar, lakini kinachomuumiza mchezaji zaidi ni kukaa. Miguu inavimba, misuli inakaza, usingizi unakatika katika kiti kisicholala. Mazoezi ya kwanza baada ya kutua huwa ni ya kunyoosha viungo tu, mbinu zinasubiri kesho yake.

Lakini isiwe kisingizio. Wydad nao waliifunga safari hiyohiyo kuja Dar, wakapoteza, kisha nao wakawa na siku zilezile za kurudi na kujipanga. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanarudi kulala kwao.

Simba walifungwa 1-0, ikaenda kwenye matuta, wakatolewa kwa penalti 4-3. Wakapanda ndege kurudi Dar, Ligi Kuu ikiwasubiri.