Je, Wajua? Chumvi iliyofichua maji ya kipindupindu

Mwaka 1854, kipindupindu kilipoivamia London, kusini mwa mto Thames kampuni mbili za maji zilikuwa na mabomba katika mitaa ileile. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamia Thames Ditton mwaka 1852 na kuvuta maji kabla mto haujafika mjini. Southwark and Vauxhall iliendelea kuvuta maji Battersea, penye uchafu wa vyoo vya mji.

Daktari John Snow, aliyeshuku maji, alibisha mlango kwa mlango. Wapangaji wengi hawakujua wanakunywa maji ya nani, maana aliyelipa ni mwenye nyumba. Basi akachota maji kidogo, akadondoshea nitrati ya fedha. Maji ya Battersea, ambako bahari hupanda na kushuka, yalikuwa na chumvi nyingi, yakageuka meupe kama tui. Ya Lambeth yalibadilika kidogo tu.

Madaktari wengi walilaumu hewa chafu. Lakini majirani hawa walivuta hewa moja! Katika wiki saba za kwanza za mlipuko, kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall zilizika watu 315. Za Lambeth, 37.