Paa la zamani likibomolewa, mwenye nyumba atarajie nini?

KUVUJA kwa pakacha, wahenga walinena, ni nafuu ya mchukuzi. Kuvuja kwa paa si nafuu ya mtu yeyote. Huko Ikonge, Kaunti ya Nyamira, ambako ni nadra mwezi kupita bila mvua, mama mzee anayelala akiwa ametega sufuria tatu sebuleni hahitaji kuelezwa zaidi. Watoto walioko Nairobi na Nakuru huchanga, wakatuma pesa za mabati. Siku chache baadaye simu hulia: fundi anataka pesa zaidi.

Aghalabu watu wa mjini hudhani wanapunjwa. Pengine ni kweli, maana mafundi ni binadamu. Lakini mara nyingi kisa chenyewe kimo juu ya dari, nacho hakionekani mpaka bati la kwanza liondolewe.

Hesabu ya mabati hufanywa mtu akiwa amesimama uani. Hesabu ya mbao hufanywa paa likiwa wazi. Bati likishika kutu kwenye tundu la msumari, maji hupenya kidogo kidogo na kuozesha ubao ulio chini yake. Mchwa nao hupanda ukutani wakala kimya kimya. Ubao unaoonekana mzima kwa macho huenda ukabonyea ukichomwa kwa bisibisi, hasa penye miisho ya paa na pale miteremko miwili inapokutana. Kupigilia bati jipya kwenye ubao wa namna hiyo ni kutupa pesa, kwa kuwa msumari hauna pa kushika na upepo wa kwanza utalibeba. Kwa maoni yangu, asiyetenga kando shilingi moja katika kila tano kwa ajili ya mbao zisizotarajiwa heri asubiri kidogo.

Mbao zenyewe ziwe kavu. Mkaratusi hupatikana karibu kila boma Gusii, na kishawishi cha kuukata leo na kuupigilia kesho ni kikubwa. Ukikaukia juu ya paa hujipinda na kung'oa misumari.

Swali gumu zaidi ni la wakati. Wakulima wa chai wanaopeleka majani katika viwanda kama Kebirigo, Tombe na Nyansiongo hungojea bonasi, ambayo kwa kawaida hulipwa mwezi wa Oktoba. Oktoba ni msimu wa mvua za vuli! Desemba mvua hupungua, lakini nyumba hujaa wageni wa Krismasi na mafundi huwa adimu. Januari ni kukavu vya kutosha, ila karo za shule zimekwisha kumeza pesa. Njia iliyo na busara ni kununua vifaa vyote Oktoba, kisha kuezeka Januari. Mabati yawekwe ndani, juu ya vipande vya mbao, yasiguse sakafu. Yakipangwa yakiwa na maji katikati, hufanya madoa meupe na kuanza kuharibika kabla hayajaona jua.

Dukani, kumbuka kwamba namba ya geji huenda kinyume: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28. Katika nchi ya mvua ya mawe, tofauti hiyo si ndogo. Tafuta pia alama ya ubora ya KEBS.

Siku ya kazi, anzeni alfajiri. Mvua ya huko hupenda kuja alasiri, ikiandamana na radi. Kwa hiyo fundi mwenye akili habomoi nyumba nzima kwa mkupuo. Hufungua upande mmja, akaufunika, ndipo akageukia wa pili. Turubai liwe karibu, na ngurumo ikisikika kila mtu ashuke. Vyombo na magodoro vihamishwe mapema, kwa sababu masizi na vumbi la miaka thelathini vitamwagika. Kama waya wa umeme umefungwa kwenye paa, Kenya Power waitwe waukate kwanza.

Aliyeachwa kusimamia kazi atazame mambo mawili. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde linalopitisha maji, na iwe na raba. Ukataji nao ufanywe kwa mkasi wa mabati. Cheche za grainda huunguza rangi, na hapo ndipo kutu huanzia.

Wenye nyumba kuukuu za mijini zilizoezekwa kwa asbesto wana shughuli nyingine kabisa. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, si ya fundi wa mtaani na nyundo yake.

Mabati yaliyoondolewa ni ya nani? Kubalianeni mapema, kwani yale mazima huezeka jiko au banda la kuku, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Misumari ya zamani iokotwe yote, ikiwezekana kwa sumaku, kabla watoto na ng'ombe hawajarudi uani; msumari wenye uchafu waweza kuleta pepopunda. Na maji ya mvua mbili tatu za kwanza yasiingie tangini. Yaacheni yasafishe paa, kisha rudisheni mfereji mahali pake.