Neno «dawa ya kukojosha» katika matibabu ya shinikizo la damu

Kitenzi kukojosha ni kauli ya kutendesha ya kukojoa. Hivyo «dawa ya kukojosha» ni ile imfanyayo mtu akojoe. Jina hilo lataja njia, si lengo. Tangu mwaka 1958, klorotiazidi ilipoanza kuuzwa Marekani, waganga hutumia dawa za jamii hiyo kutibu shinikizo la damu. Figo hutoa chumvi na maji zaidi, damu hupungua wingi mishipani, nalo shinikizo hushuka. Lakini baada ya majuma machache mkojo hurudi karibu na kiasi chake cha kawaida. Shinikizo hubaki chini kwa kuwa mishipa imelegea. Hapo jina laweza kupotosha: mgonjwa asiyekojoa tena kwa wingi hudhani dawa haifanyi kazi, akaiacha. Shinikizo hupanda tena, mara nyingi pasipo dalili, hata kiharusi kimpate. Kwa hiyo twapendekeza kwamba mfasiri wa maelezo ya dawa, baada ya kutaja «dawa ya kukojosha», aongeze maneno haya: «hushusha shinikizo la damu hata mkojo usipozidi, usiiache bila shauri la mganga».