Mpiga Zeze kama Mwalimu: Hukwe Zawose na Suala la Mafunzo ya Sikio

Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya Hukwe Ubi Zawose (1938–2003), mpiga zeze na mwalimu wa muziki kutoka Ugogo, kwa kuwalenga hasa walimu wa kwaya wa Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa. Huenda msomaji akauliza Mgogo anahusianaje na Ufipa. Uhusiano upo katika ufundishaji. Wamisionari wa Afrika walipokea kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na elimu ya muziki iliyofuata katika eneo hili imepita kwa sehemu kubwa katika njia ya kanisa: noti, kwaya ya sauti nne na kinanda. Zawose alifundisha kwa njia nyingine, tena ndani ya chuo cha serikali. Kwa sababu hiyo mfano wake unafaa kuchunguzwa.

Zawose alizaliwa katika kijiji cha Doluma, Dodoma, na kukulia katika jamii ya wafugaji ambamo muziki hufuatana na jando, mavuno na malisho. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Wito huo haukuwa jambo la kubahatisha, kwani serikali ilikuwa imeunda wizara ya utamaduni tangu Desemba 1962 na ilihitaji wasanii wa kuipa sera hiyo sauti. Baadaye Zawose alihamia Bagamoyo, na Chuo cha Sanaa kilipoanza mwaka 1981 akawa miongoni mwa walimu wake. Nje ya nchi alifahamika kupitia rekodi kama Tanzania Yetu (1985) na Chibite (1996), hii ya pili ikiwa imetolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Safari zake za ng'ambo zimeandikwa sana, na pengine kupita kiasi. Ualimu wake umeandikwa kidogo.

Zeze ni ndugu wa fidla. Lina kisanduku cha sauti kilichowambwa ngozi, shingo ya mti na nyuzi, nalo hupigwa kwa upinde. Tofauti ni kwamba zeze huegemezwa mwilini badala ya kubanwa chini ya kidevu. Ala zote mbili hazina vigawanyo vya kumwonyesha mpigaji mahali pa kuweka kidole. Mpiga kinanda akibonyeza kitufe hupata sauti iliyokwisha kupangwa na fundi wa kiwandani, lakini mpiga zeze huitafuta kwa kidole na kuihukumu kwa sikio. Kwa hiyo anayefundisha zeze hufundisha usikivu kwanza, kisha mkono.

Suala hili lina uzito wa pekee katika muziki wa Wagogo. Uzi unapotikisika, hutikisika mzima, na papo hapo hutikisika kwa nusu, theluthi, robo na kuendelea, kila mgawanyo ukizaa sauti yake nyembamba juu ya sauti ya msingi. Watafiti, akiwamo Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba mizani ya Wagogo inatokana na mfululizo huo wa asili. Ndani yake imo sauti ya saba, ambayo iko chini ya ile inayokaribiana nayo kwenye kinanda kwa takribani theluthi moja ya nusu toni. Tofauti hiyo ni ndogo kwa hesabu, lakini sikio huitambua mara moja. Kinanda hakiwezi kuitoa bila kurekebishwa. Zeze huitoa bila taabu, na fidla pia ingeweza.

Hoja hapa si kwamba Wafipa huimba kwa mizani ya Wagogo. Hoja ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba sauti fulani imepotoka. Mtoto aliyejifunza kuimba kwa bibi yake anapojiunga na kwaya na kuambiwa kila mara kuwa "ametoka nje ya sauti", huenda kweli ametoka. Huenda pia anaimba sahihi kwa kipimo ambacho mwalimu wake hakufundishwa kukisikia. Mwalimu asiye na kifaa kingine ila kinanda hana namna ya kutofautisha hali hizo mbili, na mtoto ndiye hunyamaza.

Zawose alifundisha kwa kupiga mbele ya mwanafunzi, naye akafuatisha. Njia hii ina udhaifu ambao wasifu wa wasanii wa jadi huupita haraka: inamtegemea mtu aliye hai. Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na mpwa wake Charles, aliyepiga naye majukwaani kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2004. Nyumba moja ilipoteza walimu wawili katika muda mfupi sana. Kanda zilibaki, lakini kanda haimsahihishi mwanafunzi.

Urithi huo uliendelea kwa watu ambao desturi haikuwatazamia. Katika mapokeo ya Wagogo wanawake ndio wapigaji wa ngoma za muheme, ilhali zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwaka 2024 Pendo Zawose, bintiye Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa albamu iitwayo Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wao wenyewe wakiongoza uimbaji.